Kipandio cha Kumi na Nane

Mwashi tunayemwita Timazi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mfuko wa koti lake. Humo ndani, jua liwake mvua inyeshe, hukaa timazi yenyewe: kamba ya urefu wa mkono na nusu, na mwisho wake kipande cha chuma kizito chenye ncha, kile ambacho mafundi hukining'iniza ukutani ili wajue kama ukuta umesimama au umelewa. Wengine hutembea na leso, yeye hutembea na timazi. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa atakuwa ameshaukagua ukuta kwa jicho moja, na ukiona amenyamaza ujue hajauridhia.

Rafiki yake mkubwa ni fundi cherehani, ambaye pia ni shemeji yake, maana Timazi alimwoa dada yake. Huyu jina lake la mtaani ni Pindo. Futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kunyolewa. Hawa wawili huwezi kuwatenganisha, na kuwapatanisha ndiyo kabisa usijaribu. Kila jioni Timazi akitoka kazini hupitia kibarazani kwa Pindo, huvuta kigoda, huomba chai, halafu huanza kubishana kabla chai haijafika.

Kubwa walilobishania, kwa miaka thelathini na minne, lilikuwa ngazi. Timazi alipokuwa kijana bado, kabla hajaoa, alikwenda jijini akafanya kazi miezi minane kwenye ujenzi wa jumba la makumbusho. Aliporudi alikuja na hadithi moja tu. "Ile ngazi kubwa ya kupandia ukumbini," alikuwa akisema, "zege lake nimelimwaga mimi kwa mikono hii. Vipandio ishirini na vinne. Vyote sawa kama meno ya kitana. Unaweza kupanda umefumba macho, na kikombe cha chai mkononi, chai isimwagike."

Hapa kwetu hakuna aliyewahi kufika kwenye jumba hilo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumkatalia wala wa kumkubalia. Pindo ndiye aliyeharibu. Siku moja mteja mmoja alikuja na shati lililopasuka tangu kwapa hadi kiunoni, akasema limepasuka lenyewe likiwa kwenye kamba ya kuanikia. Pindo akalitazama shati, akamtazama mtu, akasema, "Hiyo nayo ngazi ya makumbusho." Barazani watu walicheka mpaka mmoja akadondosha miwani. Basi neno likatoka pale likaenda sokoni, likaenda kisimani, likafika shuleni. Mtu akikuza jambo, anaambiwa hiyo ni ngazi ya makumbusho. Baada ya miaka kadhaa waliokuwa wakilisema walikuwa hawajui limetoka wapi.

Timazi alilimeza. Mtani wako akikutania unacheka, utafanyaje? Lakini mwaka huu, siku moja baada ya masomo, alikuwa akichanganya udongo nyuma ya nyumba akamsikia mjukuu wake wa kike, wa miaka minane, akigombana na mwenzake kwenye kamba ya kuruka. "Mwongo wewe!" mjukuu akasema. "Acha ngazi ya makumbusho!"

Timazi akasimama na koleo mkononi. Mjukuu wake mwenyewe. Na hata hakujua kwamba anamtaja babu yake.

Hapo hapo, na miguu yake yenye udongo, akaenda kwa Pindo.

"Shemeji, Jumamosi tunakwenda jijini."

"Kuna nini jijini?"

"Kuna ngazi. Utaiona kwa macho yako, halafu utarudi hapa barazani, utawaambia watu neno lako ulifute. Wewe ndiye uliyelianzisha."

Pindo akang'ata uzi. "Na kama haipo?"

"Kama haipo, sitakunywa tena chai yako."

"Hiyo ni faida kwangu," akasema Pindo, lakini siku hiyo hiyo alianza kupiga pasi suruali ya safari.

Kabla hatujasafiri nao kuna kitu kimoja mkijue, nacho ni mguu wa Timazi. Mguu wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Aligundua siku ya harusi yake, alipovaa suti aliyoshonewa na Pindo, akaona suruali upande wa kushoto imeishia juu ya soksi. Pindo akapima, akaguna, akampa pole. "Mguu, shemeji. Umezaliwa hivyo, hukujua tu." Tangu siku hiyo Timazi huweka kipande cha boksi kilichokunjwa ndani ya kiatu cha kulia ili asimame sawa. Suruali zote zilizofuata zilikaa vizuri, naye humsifu sana Pindo kwa kujua kuufuata mguu wake. Kiuno humuuma wakati wa baridi, lakini anasema ni uzee.

Haya. Jumamosi saa nne asubuhi walishuka kwenye basi katikati ya jiji. Jumba la makumbusho lilikuwa hatua mia mbili kutoka kituoni, kuna kibao kabisa, na mshale. Pindo akaanza kuufuata mshale.

"Subiri kwanza," akasema Timazi. "Tuone jiji. Huwezi kuja jijini ukakimbilia kitu kimoja kama mwizi."

Wakaanza na benki ya zamani, ile yenye nguzo sita mbele. Timazi akaisogelea nguzo ya tatu, akatoa timazi mfukoni, akaiachia ining'inie kando yake, akafumba jicho moja. Mlinzi akaja mbio.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Namjulia hali."

"Nani?"

"Nguzo. Hii ya tatu inaegemea kwenu ndani. Si sana. Lakini mwambie meneja asipange meza yake huku."

Mlinzi akamgeukia Pindo. "Huyu mzee ni wako?"

"Ni shemeji yangu," akasema Pindo. "Tumejaribu kila kitu."

Kutoka hapo walikwenda kwenye stesheni ya reli, wakakaa dakika arobaini wakiangalia tao la mlango, Timazi akieleza jinsi matofali ya kwenye tao yanavyoshikana yenyewe kwa kusukumana, "kama mimi na wewe," akasema. Wakaenda kwenye ghorofa jipya la vioo vitupu, ambalo Timazi alikataa kulizungumzia. Pindo alipenda kuona jinsi suruali yake ilivyokaa kwenye vioo vile, akalizunguka jengo zima. Kila walipomaliza moja Pindo alisema, "Sasa makumbusho," na kila mara Timazi alikumbuka jengo jingine.

Saa nane wakaingia kwenye nyumba ya sanaa za kisasa. Ndani kulikuwa baridi na kimya, kuta nyeupe, na watu wakitembea mikono nyuma. Katika chumba cha pili, sakafuni juu ya turubai, kulikuwa na ndoo, rundo dogo la mchanga, na mwiko wa mwashi uliogandwa na saruji kavu. Timazi akatikisa kichwa kwa uchungu. Akapiga goti. Akaokota mwiko, akaanza kuukwangua kwa ukingo wa ndoo, kwa, kwa, kwa, mpaka nyumba nzima ikaitika.

"Usiguse!" Dada mmoja mwenye kitambulisho kifuani alitokea amejishika kichwa. "Baba yangu, weka chini! Hiyo ni sanaa!"

"Ndoo?"

"Yote! Imetoka mbali, inaitwa *Kazi Isiyoisha*."

"Itaishaje," Timazi akamjibu kwa upole, "na mwiko mmeuacha ukagandwa namna hii?"

Walitolewa nje kwa adabu. Pale kwenye ngazi za nje Pindo akakaa, akavua kofia, akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu.

"Shemeji. Tangu asubuhi tumeona benki, stesheni, kanisa, posta, na bomba la maji ulilosema ni la kihistoria. Makumbusho tumeipita mara tatu. Mara ya tatu ulivuka barabara ili usipite mlangoni."

"Kulikuwa na jua upande ule."

"Niambie tu kweli. Hukuijenga, sivyo? Sitakucheka. Nitacheka kidogo, lakini nitaacha."

"Niliijenga."

"Basi unaogopa nini?"

Timazi akajikuna kidevu. Kilichokuwa moyoni hakuweza kukisema, na mimi nawaambia ninyi mapema ili msihangaike naye: ngazi alikuwa ameijenga kweli. Ila vipandio havikuwa sawa. Kimoja kilikuwa na kasoro, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa akisema meno ya kitana.

"Kesho asubuhi," akasema. "Tukilala tukaamka."

Jumapili mlango wa makumbusho ulipofunguliwa walikuwa wa kwanza, wao na kundi la walimu waliokuja kutembea. Aliyewapokea alikuwa dada mwongozaji, kijana mchangamfu, sauti yake ya kufika mbali. Ngazi ilikuwepo. Ilipanda katikati ya ukumbi, pana, marumaru ya kijivu, imelika katikati kwa miguu ya watu. Timazi alipoiona akavua kofia kama aliyekutana na mkwe.

"Haya," Pindo akanong'ona, "ngazi tumeiona. Bado mjenzi."

Wakaanza kupanda, mwongozaji mbele, walimu katikati, wao nyuma. Pindo alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Halafu mwalimu wa kwanza akajikwaa. Wa pili akajikwaa. Wa tatu, aliyekuwa akiwacheka wawili wa kwanza, akajikwaa zaidi. Pindo mwenyewe akaenda mbele, futi ikamruka shingoni, akashika koti la mwalimu. Timazi peke yake, anaangalia dari, aliinua mguu juu kidogo kuliko kawaida akapita kama maji.

Pindo alimwona.

"Karibuni sana!" akasema mwongozaji kwa furaha. "Mmesalimiana na hazina yetu. Naomba mtazame ukutani."

Ukutani, usawa wa kipandio hicho, kulikuwa na kibao cha shaba kinachong'aa. Kimeandikwa: KIPANDIO CHA UNYENYEKEVU.

"Msanifu wa jengo hili," mwongozaji akaendelea, "alikiinua kipandio hiki makusudi. Alitaka kila anayekuja kuwatazama waliotangulia ainame kwanza. Tajiri, maskini, waziri, mwanafunzi, wote hapa wanainamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kupita hapa na kiburi chake."

Walimu wakasema aaah. Mmoja aliandika. Mwingine alirudi chini akapanda upya ili ajikwae vizuri zaidi.

"Huyo mtu alikuwa na akili," akasema Pindo, na hakuwa anatania. Kisha akageuka, na sasa alikuwa anatania. "Haya, shemeji. Wewe uliyemwaga kwa mikono yako. Hii ya unyenyekevu ulikuwa unaijua?"

Fikirieni mahali aliposimama huyu mtu. Akisema ndiyo, amemaliza: yeye ndiye aliyejenga kipandio chenye kibao cha shaba, neno la barazani linafutwa, mjukuu anaambiwa babu yako ana akili. Mlango uko wazi, ni kuingia tu. Akafungua mdomo. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, ukaishika timazi. Kamba ile, unajua, haina namna mbili za kuning'inia.

"Mwanangu," akamwambia mwongozaji, "samahani. Hakuna unyenyekevu hapo. Kilikosewa."

Walimu wote wakageuka.

"Kilikosewa vipi, mzee wangu?" Mwongozaji alitabasamu tabasamu la kazi.

"Na aliyekosea ni mimi. Hiki ni kipandio cha kumi na nane. Vyote vya chini yake ni sentimita kumi na sita kwenda juu. Hiki ni kumi na nane. Shemeji, futi unayo."

Pindo akavua futi shingoni taratibu kama anayevua silaha. Akapiga magoti kwenye marumaru. Akapima cha kumi na saba. "Kumi na sita," akasema. Akashuka, akapima cha kumi. "Kumi na sita." Akapanda, akapima hiki. Akapima tena. "Kumi na nane," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Seremala wetu wa kukata mbao za kuzuilia zege alikuwa anaumwa jino," Timazi akaeleza, na walimu wakamzunguka. "Wakatuletea mwingine, wa milango. Mimi niko juu, yeye yuko chini na msumeno. Akaniuliza kwa kelele, 'Ngapi?' Mimi nikadhani anauliza tumefika cha ngapi. Nikamjibu, 'Kumi na nane!' Kumbe anauliza ubao akate sentimita ngapi."

Mwalimu mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Tukamwaga zege. Kesho yake limeshashika. Jioni msimamizi akaja kukagua, akapanda, akajikwaa pale pale. Akasema, 'Nani ameacha kitu hapa?' Tukamwambia, 'Tumeshakiondoa, mkubwa.'"

Sasa walicheka wote, isipokuwa mwongozaji, aliyekuwa akikitazama kibao cha shaba.

"Baba," akasema, "hiyo inaweza kuwa hadithi tu. Kupima, mtu yeyote anaweza kuja kupima."

"Kweli kabisa," Timazi akasema. "Basi nikuulize. Wageni wako wakifika juu kabisa, mguu wa mwisho, hawakanyagi kwa kishindo?"

Mwongozaji akafikiri. "Kila siku," akasema polepole. "Huwa nasema ni hamu ya kuona vitu."

"Si hamu. Ukumbi wa juu ulikuwa umeshamwagwa, haushuki wala haupandi. Sentimita mbili tulizozidisha hapa ilibidi tuziibe mahali. Tuliziiba kule. Cha ishirini na nne ni kumi na nne. Sijakikanyaga tangu siku ile. Shemeji, nenda."

Pindo akapanda mbio, mtu wa miaka sitini na mbili. Wote walimfuata kwa macho. Akainama, akapima, akakaa kitako juu ya ngazi.

"Kumi na nne!" akapiga kelele, na makumbusho nzima ikarudia kumi na nne, kumi na nne. "Shemeji! Kumi na nne, haizidi hata uzi!"

Mwongozaji akamsogelea Timazi. "Mzee wangu," akanong'ona, "hiki kibao nilikipendekeza mimi. Mkurugenzi alinipongeza."

"Kiache," Timazi akasema. "Maneno yake si mabaya. Mimi mwenyewe leo kimeniinamisha."

Wakamletea kitabu cha wageni. Aliandika kwa herufi zake za kifundi, kubwa na zilizonyooka: *Kipandio cha 18. Samahanini. Mwashi.* Pindo akaandika chini yake: *Nimepima mwenyewe. Shemeji.*

Walipotoka walirudi kituoni. Walikaa kwenye benchi, na Pindo alikuwa akiivuta futi yake mikononi, anaizungusha kidoleni, anaikunjua.

"Ungeweza kusema ndiyo," hatimaye akasema. "Ningeamini. Ningewaambia wote."

"Najua."

"Shemeji, vua kiatu."

"Kwa nini?"

"Vua. Cha kulia. Toa hilo boksi."

Timazi akavua, akatoa boksi lake lililokunjwa mara mbili, limechakaa. Pindo akalitazama kama mtu anayetazama barua ya zamani.

"Mguu wako hauna kitu," akasema. "Ile suti ya harusi niliikata na dada yangu amenisimamia kichwani anataka niharakishe. Nilikata mguu wa kushoto kwa alama ya suruali ya mtu mwingine. Ulipouliza, wageni walikuwa wameshafika mlangoni. Nilisema la kwanza lililonijia."

Timazi akasimama kwenye sakafu ya kituo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akavaa kile kingine bila boksi. Akatoa timazi, akaishika mbele ya kifua chake, akaiacha ining'inie mpaka ikatulia katikati ya viatu vyake viwili. Akaitazama. Akautazama mguu wa kushoto, kisha wa kulia.

"Miaka thelathini na minne," akasema, "nimekagua kuta za watu."

"Nisamehe."

"Kiuno, Pindo! Kiuno changu!" Kisha akaanza kucheka, na Pindo akacheka, na wakacheka mpaka kondakta akawauliza kama wanapanda au wanabaki.

Nyumbani walieleza yote mezani, mbele ya mke wa Timazi na mjukuu. Mke, ambaye ni mpishi wa shule na hapotezi maneno, alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo kaka, nimeishi na mtu anayechechemea kwa sababu yako? Na mimi kila mwaka wakati wa baridi nikimkanda?" Pindo alimaliza chakula chake akiwa amesimama, karibu na mlango.

Jumatatu barazani Pindo alitimiza sharti la shemeji yake. Aliwaambia watu ngazi ipo, mjenzi ni yule, na akawaeleza kipandio cha kumi na nane na cha ishirini na nne. Kulifuta neno, hata hivyo, hakuweza. Neno likishazoea midomo ya watu halifutiki kwa tangazo. Lilichofanya ni kugeuka. Ile wiki ya kwanza tu, fundi baiskeli alimrudia mteja wake akamwambia, "Ile breki niliyokufungia jana ni ngazi ya makumbusho, ilete niirekebishe kabla hujaanguka." Na watu walielewa.

Timazi sasa hutembea bila boksi. Anasema dunia imeinama kidogo upande wa kulia, lakini anaizoea.

Juzi alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akisafisha mwiko wake, mjukuu akaja akasimama mbali, mikono nyuma.

"Babu, nina ngazi ya makumbusho."

Timazi akaweka mwiko chini. "Ya sentimita ngapi?"

Mtoto akaleta mikono mbele. Kulikuwa na kishikio cha kikombe kilichovunjika, na kigae chenye nusu ya maua mekundu. "Ni kile cha bibi," akasema. "Cha wageni."

Timazi akavuta pumzi, akatazama mlango wa jikoni, akasikia sufuria zikigongana humo ndani.

"Hiyo imezidi mbili," akasema, akanyanyuka, akamshika mkono. "Twende wote."